Fundi wa Tabora, gonga namba kwenye mashine yako

Mashine nzuri haifichiki. Fundi akiipeleka kwenye viwanja vya Nanenane vya Ipuli, Tabora, ikakamua asali mbele za watu bila kumwaga na bila kuponda masega, msimu ukigeuka utasikia pacha wake yuko Urambo, mwingine Nzega, mwingine Kahama. Fundi wa kwanza anabaki kulalama kwamba kaibiwa. Anayelalamikiwa naye ana jibu jepesi: ningejuaje kama hiyo ni mali ya mtu?

Jibu hilo linaudhi, lakini si la kupuuza. Msimamo wetu ni huu: anayetaka ubunifu wake uheshimiwe ana wajibu wa kuitangaza haki yake, na mahali pa kuitangazia ni kwenye bidhaa yenyewe. Hati iliyofungiwa kabatini humlinda mwenye nayo nusu tu. Bidhaa iliyogongwa namba humnyima mwigaji kisingizio.

Tuanze na msingi. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie kibiashara uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa muda maalumu. Tanzania Bara haki hiyo hutolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, na msajili ni BRELA. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA. Haki hii haiji yenyewe kwa kuwa wewe ndiye uliyetangulia kuchomelea. Huombwa, hupitiwa, hulipiwa ada. Ada ikikatika, na haki inakatika. Tena uvumbuzi sharti uwe mpya. Anayeanika siri yake uwanjani kabla ya kupeleka maombi anajiharibia mwenyewe, hata kama waliomwona walimpigia makofi.

Hapo ndipo mafundi wetu wengi wanapojikwaa. Mashine ya kukamua asali kwa kuzungusha si ngeni duniani. Franz von Hruschka wa Austria aliibuni mwaka 1865. Kwa hiyo pipa, mkono wa kuzungushia na vizimba vya kushikia fremu ni vya kila mtu, na hakuna wa Tabora wala wa Arusha anayeweza kuvidai leo. Lakini wafugaji wengi wa nyuki katika miombo ya Sikonge na Urambo bado wanarina kwenye mizinga ya magome na ya magogo, ambayo masega yake hayana fremu. Fundi akibuni kifaa kipya cha kuyashika masega hayo yazunguke bila kusagika, hapo ana kitu cha kupeleka BRELA. Na kama alichofanya ni boresho dogo lisilofikia kiwango cha hataza, sheria hiyo hiyo inayo hati ya ngazi ya chini kwa maboresho ya namna hiyo. Aulize.

Akishapata hati, ndipo hoja yetu inapoanza.

Sheria yetu ya hataza ina ukoo na ya Uingereza. Kwa miaka mingi hataza ya huku ilikuwa ni ile iliyokwisha kutolewa London, ikaletwa kusajiliwa upya. Basi tuwatazame Waingereza. Kifungu cha 62 cha Sheria yao ya Hataza ya mwaka 1977 kinasema kwamba mdaiwa akithibitisha kuwa wakati anakiuka hakujua, wala hakuwa na sababu ya maana ya kujua, kwamba hataza ipo, hatozwi fidia. Na wameongeza jambo ambalo kila fundi alishike: kuandika tu neno la kusema bidhaa ina hataza hakutoshi kumfanya mwigaji ahesabike kuwa alijua. Namba lazima iwepo. Tangu Oktoba 2014 wanakubali pia anwani ya ukurasa wa mtandao unaoonyesha namba hiyo. Asiyeandika hapotezi hataza yake, na mahakama bado inaweza kumpa amri ya zuio. Anachokosa ni fedha za siku zilizopita, na kwa fundi mwenye mkopo wa vyuma, fedha ndizo kesi yenyewe.

Marekani ni wakali zaidi. Mwaka 1842 walitunga sheria iliyomlazimu mwenye hataza kugonga tarehe ya hataza kwenye kila bidhaa, la sivyo faini isiyopungua dola 100. Mwaka 1861 wakaiondoa faini, wakaweka adhabu ya aina nyingine: asiyeandika asidai fidia mpaka atakapomjulisha mkiukaji. Kanuni hiyo ingalipo. Tangu mwaka 2011 wanaruhusu anwani ya mtandao ikae mahali pa namba, mradi ukurasa ufunguke bure na uonyeshe bidhaa ipi inalindwa na hataza ipi.

Wana funzo jingine. Kampuni ya Arctic Cat ilikuwa na hataza za teknolojia ya vyombo vidogo vya kuendeshea majini. Ikampa Honda leseni bila kumtaka aandike alama. Honda akauza bila alama. Baadaye Arctic Cat ilipomshtaki Bombardier, mahakama ya rufaa, katika hukumu ya mwaka 2020, iliinyima fidia ya kipindi cha kabla ya kesi, kwa sababu bidhaa za aliyepewa leseni zilikuwa zimezagaa sokoni zikiwa bubu. Fundi wa Tabora anayemwachia mpwa wake wa Nzega atengeneze mashine ileile kwa makubaliano ya mdomo alisikie hilo vizuri. Ukimruhusu mtu atengeneze, mwambie naye agonge kibati chenye namba ya hataza, na mwandikishiane.

Hatusemi kwamba jaji wa Tanzania anafungwa na sheria za London au Washington. Hafungwi. Tunachosema ni kwamba kesi ya ukiukaji, popote itakaposikilizwa, inaweza kufika kwenye swali la kama mdaiwa alijua. Kibati chenye namba kinalijibu swali hilo kabla wakili hajasimama. Na mara nyingi kesi yenyewe haitafika mahakamani, maana anayetaka kuiga akikuta namba atatafuta namna ya kuzungumza, au atabuni ya kwake. Hiyo ndiyo faida kubwa ya alama.

Alama, hata hivyo, si hirizi. Wafuga nyuki wana ushahidi wao. Mchungaji Lorenzo Langstroth wa Philadelphia aligundua mwaka 1851 kwamba ukiacha nafasi ya kama robo tatu ya sentimita hadi sentimita moja kati ya fremu na ukuta wa mzinga, nyuki hawaizibi kwa gundi wala hawajengi sega hapo. Tarehe 5 Oktoba 1852 alipewa hataza namba 9,300 ya mzinga wa fremu zinazotoka. Mzinga huo ndio ulioenea dunia nzima. Mwenyewe hakutajirika nao. Waigaji walimzidi nguvu, mashauri yakamchosha, faida ikaenda kwa wengine. Haki inahitaji alama, kumbukumbu, fedha ya wakili na moyo wa kufuatilia. Asiye na vyote aanze na kile cha bei nafuu, nacho ni alama.

Na alama isiwe ya uongo. Wapo wanaoandika "imesajiliwa" kwenye kitu ambacho hakijawahi kufika BRELA, au wanaoacha namba ya hati iliyokwisha muda wake ili kuwatisha wenzao. Marekani waliwahi kuruhusu mtu yeyote kushtaki alama ya uongo na kugawana faini na serikali. Mwaka 2009 mahakama ikasema faini, ambayo inaweza kufika dola 500, ihesabiwe kwa kila bidhaa moja. Kesi zikamiminika. Kampuni ya Solo Cup ikashtakiwa kwa vifuniko vya vikombe zaidi ya bilioni 21 vilivyokuwa na namba za hataza zilizokwisha. Ilinusurika mwaka 2010 kwa kuwa haikuthibitika ilikusudia kudanganya, na mwaka uliofuata Bunge likaufunga mlango ule wa wasaka faini. Kwetu, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Anayedanganya kwenye kibati asitarajie huruma ya mtu.

Njia hii ya Tabora inaijua hasara ya bidhaa isiyolindwa jina. Karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapasua Ugogo, ikafika Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, mabegani mwa wapagazi kulikuwa na shanga, waya na merikani. Kitambaa hicho cha pamba kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na watu wa bara walikidai kwa jina. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, mzigo ukakatika. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vikaziba pengo. Kitambaa kikaendelea kuitwa merikani na kikaendelea kununuliwa. Sifa ilijengwa na hawa, faida ikaliwa na wale.

Leo aliye katika nafasi ya watu wa Salem ni mrina asali wa Tabora. Mkoa huu una miombo, una Chuo cha Ufugaji Nyuki na una ushirika wa wafuga nyuki wenye umri wa zaidi ya nusu karne. Jina la asali yake linajulikana mpaka pwani. Sasa tazama inavyouzwa. Barabarani na stesheni imo kwenye chupa za plastiki zilizokwisha kunywewa maji, kizibo kimekazwa kwa nailoni, na ubavuni lebo ya kampuni ya maji imebanduliwa nusu. Yaani alama pekee iliyosajiliwa kwenye chupa ile ni ya mtu ambaye hajui hata nyuki wanafugwaje. Asali hiyo ikifika Dar es Salaam, ikachujwa na kumiminwa kwenye chupa ya kioo yenye lebo ya dhahabu, mrina hana pa kushika.

Hapa tuseme wazi, maana wengi wanachanganya. Alama ya ubora ya TBS inasema bidhaa imefikia kiwango. Haisemi ni ya nani. Msimbo unaoanza na 620 unasema umesajiliwa Tanzania. Hausemi asali ilitoka msitu gani. Herufi R ndani ya duara ni ya alama ya biashara iliyosajiliwa, nayo hailindi namna mashine inavyofanya kazi. Namba ya hataza inalinda uvumbuzi, nayo hailindi jina. Muuza asali anahitaji alama ya biashara chini ya Sheria ya mwaka 1986, Sura ya 326, ambayo hutolewa kwa miaka 7 na kuhuishwa kila miaka 10. Mtengeneza mashine anahitaji hataza kwa ajili ya uvumbuzi, na alama ya biashara kwa ajili ya jina lake. Hizi ni haki mbili tofauti zenye hati mbili.

Na jina la mahali je? Wenzetu wa Kamerun wametangulia. Asali nyeupe ya Oku ilisajiliwa mwaka 2013 na OAPI, shirika la mali ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, kama bidhaa inayotambulishwa kwa mahali inapotoka, pamoja na pilipili ya Penja. Zanzibar iliweka vipengele vya namna hiyo katika Sheria yake ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008. Asali ya Tabora inastahili ulinzi wa aina hiyo. Mpaka utakapopatikana, vyama vya wafugaji vinaweza kusajili alama ya biashara ya chama na kuweka masharti ya nani aruhusiwe kuitumia. Kusubiri Bunge si sababu ya kuendelea kuuza kwenye chupa ya maji.

Tunalisema hili sasa kwa sababu njia inafunguka upya. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ya kisasa inajengwa kupita hapa kuelekea Isaka, Mwanza na Kigoma. Mashine iliyochomelewa Tabora itauzwa kwa mtu ambaye hatamwona fundi maishani. Zamani fundi alijulikana kwa uso na kwa mtaa. Mnunuzi wa Kigoma atamjua kwa kile kilichogongwa kwenye chuma. Fundi akumbuke pia kwamba hataza ya Tanzania Bara haivuki Ziwa Tanganyika wala haiendi Unguja. Anayelenga masoko ya nje aulize kuhusu ARIPO, lile shirika la Harare, ambalo chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 hupokea ombi moja kwa ajili ya nchi kadhaa wanachama. Si majirani wetu wote wamo.

Gharama ya kuandika haina kisingizio. Bati la aluminiamu lenye upana wa vidole viwili, riveti nne, nyundo na seti ya namba za chuma, basi. Stika haifai kwa mashine ya asali, maana inaoshwa kwa maji ya moto na stika hubanduka siku za mwanzo. Rangi nayo hutoka. Kibati kikae kwenye mwili wa pipa, si kwenye kifuniko wala kwenye gia, kwa sababu hivyo hubadilishwa. Kiandikwe neno "Hataza", herufi TZ, namba kamili, jina la karakana na namba ya simu. Kama ombi halijajibiwa, iandikwe kuwa ombi limepelekwa, isiandikwe kuwa imesajiliwa. Kisha fundi apige picha ya kila mashine kabla haijatoka, aandike tarehe na mnunuzi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kesi bila daftari huisha bila fidia.

Serikali nayo ina kazi yake. BRELA itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha karakana, unaoeleza nini kiandikwe kwenye bidhaa, wapi na namna gani, na fundi wa Igunga aweze kutafuta hataza kwa simu yake bila kumlipa mtu. Waandaaji wa Nanenane wasisubiri siku ya ufunguzi kuwaita watu wa usajili; wawalete miezi kadhaa kabla, fundi apeleke ombi kwanza ndipo apande jukwaani. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, na mamlaka ya ufundi stadi, VETA, wafundishe kugonga kibati siku ileile wanapofundisha kuchomelea, na kwenye karakana zao ziwepo seti za namba za kuazima.

Halmashauri zina mkono mrefu kuliko zinavyodhani. Zinanunua mizinga na vifaa vya kurinia kwa ajili ya vikundi vya vijana na wanawake. Mara nyingi zabuni huangalia bei tu, na bei ya chini ni ya mwigaji, kwa sababu hakutumia hata siku moja kubuni. Maofisa manunuzi wamtake mzabuni aseme kwa maandishi kama kifaa anacholeta kina hataza ya mtu, na kama anayo ruhusa. Swali hilo moja kwenye fomu litawasaidia wabunifu kuliko hotuba za ufunguzi.

Mahakama nazo ziwe na pande zote mbili machoni. Mwigaji aliyekiona kibati akakibandua asipewe nafuu ya kusema hakujua. Na fundi wa kijijini aliyenakili chuma kisicho na maandishi yoyote, kwa nia njema, asifilisiwe kwa kosa la mtu aliyeficha haki yake. Azuiwe kuendelea, yaishe.

Kwako fundi: sajili kwanza, onyesha baadaye, na mashine isitoke karakana bila namba.